Soma mA Kabla ya Kusoma Wati

Ukishika boksi la taa ya LED dukani, ligeuze. Mbele, kwa tarakimu zinazosomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara, pameandikwa 50W. Nyuma, chini kabisa, kuna mstari wa herufi ndogo ambao hata muuzaji pengine hajawahi kuusoma: AC 220–240V, 50/60Hz, 130mA. Zidisha. Miliampea (mA) 130 ni ampea 0.13, na volti 230 mara ampea 0.13 unapata 29.9. Maana yake ni kwamba taa hiyo, hata kama mkondo wote inaouvuta ungefanya kazi, haiwezi kutumia zaidi ya wati 30. Na kwa jinsi saketi za bei poa zilivyo, sehemu kubwa ya mkondo huo huenda na kurudi bila kufanya lolote, kwa hiyo matumizi halisi huangukia karibu na wati 15. Boksi limejishitaki lenyewe.

Muuzaji wa Kariakoo atakwambia, "Bosi, chukua hii ya hamsini, inapiga kama mchana." Si lazima awe tapeli. Kwake hamsini ni cheo cha taa, kama vile kusema kubwa, ya kati na ndogo. Kosa tunalo wanunuzi, tunaoendelea kuuliza taa ina wati ngapi kana kwamba bado tunanunua globu za waya. Enzi zile swali lilikuwa sahihi. Globu ya wati 60 ilitoa karibu mwanga uleule hata itengenezwe wapi, lumeni 700 hadi 800, kwa hiyo ukijua wati umejua mwanga. Kwenye LED uhusiano huo umevunjika. Wati ni kile unachomlipa TANESCO, shirika la umeme. Lumeni ndicho unachokipata. Taa mbili za wati 9 zilizopangwa rafu moja zinaweza kutofautiana, moja ikatoa lumeni 900 na jirani yake 600. Taa isiyotaja lumeni popote kwenye boksi mimi siinunui, hata ikiuzwa kwa nusu bei.

Pesa kwanza, kwa sababu hapo ndipo matangazo yanapotupoteza. Bei za umeme zilizowekwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016 zinawagawa wateja wa nyumbani katika makundi. Aliye D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti (kilowati-saa) hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Aliye T1 hulipa 292 kuanzia uniti ya kwanza. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, na unayolipa hasa kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla, ni shilingi 122, 427 na takriban 356. Tofauti kati ya 122 na 427 ndiyo inayoamua mambo, na sijaona tangazo la taa linaloigusa.

Chukua nyumba yenye taa sita, kila moja ikiwaka saa tano kwa siku. Zikiwa globu za waya za wati 60, kwa mwezi zinakula uniti 54. Zikiwa LED za wati 9 zinakula 8.1. Mtu wa D1 mwenye globu za waya anakuwa amemaliza zaidi ya theluthi mbili za uniti zake za bei nafuu kwa mwanga peke yake, kabla friji haijanguruma wala pasi haijapata moto. Uniti 46 anazookoa zinampa nafasi ya kuendesha friji ndani ya bei ya 122 badala ya kusukumwa kwenye 427. Kwa mwananchi wa kawaida hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutumia LED, kuliko mazingira, kuliko hata kudumu kwake.

Lakini nani bado ana globu za waya? Wapo, ila mjini ni wachache. Wengine wanazihitaji na wana haki, kama mfugaji wa vifaranga: globu hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto, na joto ndilo analolitaka. Wengi wetu tulishahamia kwenye enaji seva zile za mrija uliosokotwa, kisha tukaingia kwenye LED. Hapo hesabu inabadilika sura. Kutoka globu ya wati 60 kwenda LED ya wati 9, taa moja inaokoa uniti 7.65 kwa mwezi, yaani shilingi 933 kwa mtu wa D1 aliye chini ya uniti 75, na 2,723 kwa mtu wa T1. Kutoka enaji seva ya wati 18 kwenda LED ya wati 9, inaokoa uniti 1.35, shilingi 165 au 481. Na kutoka LED ya wati 9 kwenda LED ya kisasa zaidi ya wati 7 yenye mwanga uleule, inaokoa uniti 0.3. Kwa D1 hiyo ni shilingi 37 kwa mwezi. Hununui hata kiberiti.

Kwa hiyo anayekuuzia taa kwa bei ya juu kwa sababu "inakula umeme kidogo zaidi" kuliko LED nyingine anakuuzia hewa. Vita ya wati ilikwisha siku ulipoitoa globu ya waya. Kama uniti zako bado zinayeyuka, acha kutazama dari, nenda jikoni. Jagi la umeme la wati 2,000 likichemsha maji kwa robo saa limekula nusu uniti, na nusu uniti hiyo ingeiwasha LED ya wati 9 kwa saa 55.

Pale pesa inapopotea sasa ni kwenye kununua tena. Taa ya shilingi 2,000 inayokufa baada ya miezi minane inakugharimu 3,000 kwa mwaka. Ya shilingi 5,000 inayokwenda miaka mitano inakugharimu 1,000. Pengo hilo la shilingi 2,000 kwa kila holda, kila mwaka, ni mara tatu au zaidi ya kile ambacho wati mbili tatu zingemwokolea mtu wa D1 aliye chini ya uniti 75. Swali la dukani basi ni moja: taa hii itadumu? Na jibu lake haliko kwenye chipu zinazotoa mwanga. Liko kwenye kisaketi kilichofichwa shingoni mwa taa, ambacho mafundi wetu wanakiita draiva.

Chukua taa iliyokufa uifungue. Itoe kwanza kwenye holda, bila shaka. Kile kikofia cheupe cha plastiki kimegundishwa kwa gundi nyeupe. Kibane pande mbili, kizungushe, kitachomoka. Ndani utaona sahani ya alumini ya duara, na juu yake vipande vidogo vya njano, kumi na kitu hivi, kila kimoja takriban ukubwa wa punje ya mchele. Njano hiyo ndiyo siri ya mwanga mweupe. Chipu yenyewe hutoa mwanga wa bluu. Poda ya njano iliyopakwa juu yake hunywa sehemu ya bluu hiyo na kuirudisha ikiwa njano, na macho yetu yakichanganya viwili hivyo yanaona nyeupe. Chipu nyekundu ilikuwepo tangu 1962, alipoitengeneza Nick Holonyak akiwa General Electric, lakini bluu yenye nguvu ilisumbua maabara kwa miaka thelathini. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoipata, ndipo taa ya nyumbani ikawezekana, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo.

Rudi kwenye sahani yako. Mara nyingi utakuta kipande kimoja kina nukta nyeusi katikati. Hicho ndicho kilichoungua. Vyote vimeungwa kimoja nyuma ya kingine kwenye njia moja ya umeme, kwa hiyo kimoja kikikata, safari nzima imekatika. Kwa nini kimeungua? Kwa sababu mtengenezaji alitaka lumeni 800 kutoka kwenye vipande 10 badala ya 18, akavisukumia mkondo mkubwa kuliko uwezo wake ili aokoe senti chache. Chipu iliyosukumwa hivyo huchemka, na joto lake halina pa kwenda ikiwa sahani ni nyembamba na mwili wa taa ni plastiki tupu. Ndiyo maana napenda kupima taa mkononi kabla ya kulipa. Kati ya taa mbili za lumeni sawa, nzito kwa kawaida ina alumini zaidi ndani. Si kipimo cha maabara, lakini dukani hakuna maabara.

Mafundi wa mitaani wamepata riziki kwenye nukta hiyo nyeusi. Wanakikwangua kipande kilichoungua, wanaunganisha pale kwa risasi, na taa inawaka tena kwa shilingi mia tano. Inafanya kazi, na sina ugomvi nao. Ila fahamu kwamba vipande vilivyobaki bado vinasukumwa kupita uwezo wake, na kifo cha pili huja haraka kuliko cha kwanza. Jambo moja tu usilifanye: usiiwashe taa iliyovuliwa kofia ili "uangalie kama imekubali" huku ukiigusa ile sahani. Kwenye taa nyingi za bei nafuu hakuna kinachotenganisha sahani hiyo na umeme wa nguzoni.

Kama chipu zote ni nzima na taa imekufa, mshitakiwa ni draiva. Humo ndani kuna kapasita, kipipa kidogo kama kifuniko cha kalamu, chenye majimaji ndani. Joto huyakausha. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila ukipunguza joto kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka maradufu, na ukilipandisha kwa nyuzi 10 yanakatika nusu. Sasa fikiria taa ya wati 12 iliyofungiwa ndani ya bakuli la kioo darini, juu ya dari ni mabati, nje ni Dar es Salaam ya Februari. Boksi limeandika saa 25,000, ambazo kwa saa tano kwa siku ni karibu miaka 14. Namba hiyo si uongo moja kwa moja. Chipu hupimwa maabara kwa saa 6,000 au zaidi, kisha hukadiriwa mbele hadi zitakapobakiwa na asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo. Chipu ndizo zilizopimwa. Draiva haikuwemo kwenye mtihani huo, na bakuli lako la kioo halikuwemo pia. Kwenye bakuli lililofungwa weka taa ya wati ndogo, 5 au 7, au tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa kwa taa zilizofunikwa. Ukihitaji mwanga zaidi, ongeza holda ya pili, usiongeze wati ndani ya bakuli lilelile.

Kuna maandishi mawili kwenye boksi yanayokuambia draiva ni ya aina gani bila kufungua kitu. La kwanza ni volti. Iliyoandikwa AC 85–265V mara nyingi ina draiva inayodhibiti mkondo. Jioni umeme ukiwa mdogo mtaani kwenu, mwanga wake haubadiliki. Iliyoandikwa 220–240V peke yake inaweza kuwa nzuri, lakini nyingi za bei ya chini hapo zina saketi rahisi iliyochapwa kwenye sahani ileile ya chipu. Umeme ukishuka hadi volti 180 nazo zinafifia, ukirudi kwa kishindo nazo zinakipokea kishindo chote. Kwa nyumba ya mwisho wa laini, ambako umeme unapanda na kushuka, ningelipa zaidi kwa ajili ya hiyo 85–265V kabla ya kitu kingine chochote. Umeme ukikatika, zima swichi za taa, subiri urudi na utulie. Dakika ya kurudi ndiyo inayoua taa nyingi kuliko miezi ya kuwaka.

La pili ni waranti. Mtengenezaji anayeandika miaka miwili anaijua draiva yake. Chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na ukifika nyumbani andika tarehe kwa markapeni kwenye shingo ya taa. Tunasahau siku tulizonunua taa, kisha tunaamini imekaa sana kumbe haijamaliza mwaka. Nembo ya TBS, shirika la viwango, nayo itafute, ingawa nembo iliyochapwa kwenye karatasi si ngumu kuigiza. Kwangu ni sharti la kuingia mlangoni, si cheti cha ubora.

Dukani wana ubao wenye holda, muuzaji anakujaribishia taa. Kuwaka hapo kunathibitisha kitu kimoja tu, kwamba leo inawaka. Tumia nafasi hiyo kwa jambo jingine: fungua kamera ya simu, isogeze karibu na taa. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, taa hiyo inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50 na saketi haikuulainisha. Macho hayaoni, lakini kichwa cha mtu anayesoma chini yake kwa saa tatu kinaweza kuuma. Kamera za simu zinatofautiana, kwa hiyo linganisha taa kwa taa kwa simu ileile. Iliyo tulivu kuliko nyingine ina draiva iliyotengenezwa kwa uangalifu, na uangalifu huo haukuishia kwenye kulainisha umeme.

Kuhusu rangi nina msimamo, na najua wengi hawakubaliani nao. Nyumba zetu zina mwanga mweupe mno. Boksi linaandika 6500K, "daylight", na sisi tunaona ndiyo taa yenye nguvu, kwa sababu tulikulia chini ya tyubu za ofisini na madarasani na weupe ukawa alama ya umeme wa kweli. Kelvini hazina uhusiano na nguvu. Zinataja rangi: 2700K ni njano ya globu ya zamani, 4000K ni nyeupe ya wastani, 6500K inaegemea bluu. Bluu ya usiku huuambia mwili kwamba bado ni mchana na huchelewesha homoni ya usingizi. Jikoni na mezani kwa mwanafunzi, 4000K inafaa sana. Chumbani na sebuleni jioni, 2700K au 3000K. Na barazani njano ina faida ambayo kila aliyewahi kula chakula cha usiku msimu wa mvua ataielewa: kumbikumbi na wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wa bluu na nyeupe kuliko wa njano. Hawatakwisha, lakini mchuzi wako utapumua.

Halafu kuna kipimo kinachoandikwa Ra au CRI, ambacho hutaja jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa uhalisi chini ya taa, mia ikiwa ndiyo kamili. Themanini inatosha karibu kila mahali. Ikikosekana kwenye boksi, shika kiganja chako chini ya taa. Ngozi ikionekana ya kijivujivu, kama ya mtu aliyeamka na homa, taa hiyo ina upungufu wa wekundu. Kwa fundi cherehani, kwa saluni, na kwa mama anayechagua nyanya jikoni, tafuta 90 ukiipata.

Mwanga kiasi gani kwa chumba gani? Wataalamu hupima mwanga unaofika juu ya kitu kwa luksi, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Chumba cha kulala kinaridhika na luksi 100 au pungufu. Kusoma na kukata vitunguu kunataka 300 hadi 500. Chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu chenye kuta nyeupe kinatosheka na lumeni 800 hadi 1,000, taa moja ya wati 9 au 10. Ukikipaka rangi ya kahawia au zambarau, ukuta utakunywa nusu ya ulichonunua. Chooni wati 5 zinazidi mahitaji.

Kosa la kila siku ni la mwanafunzi. Mzazi anataka mtoto asome vizuri, ananunua taa ya wati 20 anaifunga darini. Mwanga hupungua kwa kasi kadiri unavyosafiri: umbali ukiongezeka mara mbili, unabaki robo. Taa ya lumeni 2,000 iliyo mita mbili juu ya daftari hufikisha hapo, kwa mwanga wake wa moja kwa moja, chini ya luksi 100. Taa ya mezani ya wati 5 yenye lumeni 400, ikiwa nusu mita juu ya daftari lilelile na kofia yake ikiuelekeza mwanga chini, hufikisha karibu luksi 500. Robo ya umeme, mara tano ya mwanga, na ndugu wengine wanalala gizani kwa amani.

Hapa lazima niseme neno kuhusu jipsamu. Siku hizi haijengwi sebule bila dari ya ngazi ngazi, taa ndogo za kuzamishwa kila hatua moja, na mkanda wa LED wa rangi unaozunguka kingo zote. Mwenye nyumba anakuambia kwa fahari, "Zote ni LED hizi, hazili umeme." Tuhesabu. Taa 16 za wati 7 ni wati 112. Mkanda wa wati 8 kwa mita, mita 25 kuzunguka, ni wati 200. Sebule moja ina wati 312, sawa na globu tano za waya za wati 60, na hakuna aliyewahi kuwasha globu tano sebuleni mwa baba yake. Saa tano kwa siku ni uniti karibu 47 kwa mwezi. Wati tulizopunguza kwenye kila taa tumezirudisha kwa wingi wa taa. Sisemi jipsamu iachwe. Ukumbi wa wageni una heshima yake. Nasema mwambie fundi agawanye swichi: mkanda peke yake, taa za kati peke yake, za pembeni peke yake. Waya wa ziada ni bei ndogo wakati nyumba inajengwa, na ni kubomoa dari baadaye. Wapo wanaosema umeme sasa upo, bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, kwa hiyo kubana matumizi kumepitwa na wakati. Bwawa linajaza gridi. Halijazi LUKU yako.

Kama huamini boksi, mita ya LUKU itakusaidia. Ina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni pameandikwa idadi ya mweko kwa uniti moja, nyingi ni 1000 imp/kWh. Zima kila kitu, friji, chaja na king'amuzi vikiwemo, kisha washa taa sita za aina moja. Hesabu sekunde kati ya mweko na mweko, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, na jibu ni wati za taa zote. Sita za "wati 50" zingepaswa kumwekesha mita kila sekunde 12. Ukisubiri sekunde 40, unachomiliki ni taa sita za wati 15. Kwa mita ya 1600 imp/kWh, gawanya 2,250 badala ya 3,600. Usijaribu kwa taa moja, utasubiri mpaka uchoke. Na kama mita yako iko juu ya nguzo, mtume kijana mwenye macho mazuri.

Taa za kuchaji, zile zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, ni nzuri kwa sehemu moja au mbili: ngazi na jiko. Zina betri ya lithiamu shingoni, mahali palepale penye joto, kwa hiyo betri huchoka mapema kuliko chipu, na mwanga wake wa betri huwa hafifu kuliko wa umeme. Kujaza nyumba nzima ni kununua betri kumi ambazo zote zitakufa karibu wakati mmoja. Na mwenye sola nyumbani atenge taa zake za volti 12. Nyingine zina kitako kilekile cha kuzungusha, na ukiiweka kwenye holda ya 230 itapasuka kabla hujashuka kwenye stuli.

Enaji seva zilizobaki msizitupe kwa haraka, kama nilivyoonyesha akiba yake ni ndogo; acheni zife zenyewe. Ila zina zebaki ndani. Ikivunjika fungua madirisha, toka kwa dakika kumi, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi, si kwa ufagio. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, zikisukumwa zaidi na nchi za Afrika, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba taa za aina hiyo na tyubu ziondolewe zote sokoni kwa awamu kufikia mwisho wa 2027, kwa hiyo usiweke akiba ya nyingine.

Limebaki swali ambalo mafundi huulizwa kila mara: kwa nini taa ya LED inaendelea kung'aa kidogo, kama kimulimuli, baada ya kuzimwa? Watu wanalaumu taa, na baadhi ya mafundi wanawauzia mpya. Mara nyingi taa ni nzima. Swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laivu, kwa hiyo ukizima, holda bado ina umeme unaongoja njia ya kupita, na mkondo mdogo unaovuja kwenye nyaya unatosha kuiamsha LED. Globu ya waya isingeonyesha kitu. Ilihitaji mkondo mkubwa kuwaka, na kosa hilo linaweza kujificha ukutani kwa miaka ishirini. Hatari yake ni kwa anayebadilisha taa akiamini amezima. Gusa kwa testa ndani ya holda swichi ikiwa imezimwa. Testa ikiwaka, zima meini swichi, mwite fundi ahamishe waya wa laivu uje kwenye swichi, na akague za vyumba vyote, kwa kuwa aliyekosea moja huwa amekosea nyumba nzima. Taa mpya zisubiri kwenye boksi mpaka amalize.